Tripu ya boti Mto Pangani pamoja na kuzunguka mji: nendeni, ila anzeni na mto

Tulitoka Tanga mjini na wifi yangu na watoto kwenda kufanya ile tripu ya boti mtoni pamoja na kutembezwa mji. Naandika kwasababu watu wa Tanga tunapita pale kwenda kuogelea Ushongo tu, Pangani yenyewe hatuijui kabisa.

Boti kwanza, maana ndo bora kuliko vyote. Ni ya mbao, ina turubai juu, majaketi ya kuokolea yapo ya wakubwa na ya watoto pia, hilo nilikagua kabla hatujapanda maana mto una mamba na mkondo wa pale mdomoni ni mkali. Nahodha ni mtu mzima anaujua mto vizuri sana, anapanda nao maji yanapojaa na kurudi nao yanapopwa. Mwanzo ni mikoko tupu pande zote mbili, mbele inapungua minazi inaanza, ndege wa kila aina, wavuvi kwenye mitumbwi wanasalimia.

Sasa kufika mbali huko juu mzee akazima injini, akachota maji na kopo akasema onjeni kwa ncha ya ulimi tu. Chumvi! Akatuonyesha ukingoni minazi imebaki magogo yamesimama, vichwa hamna, akaeleza mto huu unaanzia Kilimanjaro na Meru, unakusanyika bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu njia nzima kuna mashamba ya umwagiliaji na mabwawa ya umeme mpaka Hale, kwahiyo yanayofika huku ni machache na bahari inapanda kuchukua nafasi. Yani mkulima wa Pangani anaumia kwa maji yaliyoishia mbali huko, na mimi nimezaliwa mkoa huu huu hakuna aliyewahi kuniambia.

Mzee huyohuyo ndo alituambia kingo zile karne ya 19 zilikua mashamba ya miwa, watumwa ndo wanalima na kuchemsha sukari, na Abushiri bin Salim mwenyewe, yule aliyeongoza vita ya pwani dhidi ya Wajerumani, alikua na shamba lake la miwa huko. Hapo ndo nikaelewa kwanini 1888 moto uliwaka Pangani. Kampuni ya Wajerumani imekuja kupandisha bendera yake, afisa wao Zelewski, yule watu walimwita Nyundo, akaudhi mji mzima (na ndo huyo alikuja kuuawa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo 1891). Vita ikasambaa pwani mpaka Bagamoyo, kamanda wa Wajerumani Wissmann akauteka mji wa Pangani Julai 1889, Abushiri akanyongwa palepale Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huohuo.

Sehemu ya mjini jamani waiboreshe. Kijana aliyetutembeza ana adabu ila alikua na haraka, Boma tulipita kama tunafukuzwa, miaka anaitaja haraka haraka bila kuiunganisha na chochote. Milango ya kuchongwa ipo mizuri mno lakini nyumba zenyewe chokaa imebanduka, kuta zimeota miti, inauma. Na aliyepokea simu yetu alisema chakula kimo kwenye bei, kufika hakimo, tukanunua wenyewe wali wa nazi na samaki wa kupaka, mtamu sana lakini ni hela ya ziada.

Ambacho hakimo kwenye tripu na mimi nashauri mkifanye ni kuvuka na pantoni kwenda Bweni na kurudi. Ofisi za wilaya ziko upande wa mjini, kwahiyo wa Bweni akiwa na shida ya serikali lazima avuke, mnapanda pamoja na baiskeli, ndoo za samaki, mama na mtoto anawahi kliniki, na habari zote za mji utazisikia humo, hasa za daraja la mita 525 la kuvuka mto huu. Ukisikiliza wenyeji wanavyoliongelea utajua mto umewatawala kiasi gani.

Mimi nawapa nyota nne, boti peke yake ningewapa tano. Mkipiga simu ulizeni kwanza maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, muombeni mzee awapeleke mtoni kabla ya mji, na kuhusu chakula mwandikiane kwenye meseji kabisa.