Padi ya USB isiyo na jina: je, itaelewana na gemu unayotengeneza?

Padi nyeusi ya waya, umbo la PlayStation 2, boksi halina jina la kiwanda. Arusha na Moshi ndiyo ya kawaida kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, na huenda ndiyo aliyonayo mchezaji wako. Haifikii ya Xbox, hilo halina ubishi. La kujua ni kama gemu yako itaielewa.

Kabla ya kulipa, omba ichomekwe kwenye laptopu ya dukani. Bonyeza Win+R, andika joy.cpl (dirisha la Windows la kupima padi), ingia Properties. Zungusha vijiti vyote viwili kisha uachie: alama isiporudi katikati, omba nyingine papo hapo. Kijiti kilicholegea kikiwa kipya hakitaliweza vumbi la kiangazi.

Halafu angalia taa ya ANALOG. Padi isiyo na kasoro hurudishwa dukani bila haja kwa sababu yake. Taa ikizimwa, mishale hujifanya kijiti cha kushoto, na kijiti cha kulia hujifanya vile vitufe vinne vya namba. Ukichomeka upya, hakikisha inawaka.

Kwenye Godot, injini ya kutengeneza gemu, chapisha Input.get_joy_guid(0), yaani GUID au kitambulisho cha aina ya padi, na Input.is_joy_known(0), yaani kama Godot inaijua. Padi za namba 0079:0006 (ya mtengenezaji na ya kifaa) kwa kawaida zimo tayari kwenye orodha ya padi ya SDL, maktaba ya programu, inayokuja na Godot. Ukijibiwa false, au ukibonyeza kuruka mhusika akapiga risasi, andika ramani yako, mstari unaoeleza kitufe kipi ni kipi: GUID, jina, kisha a:b2,b:b1,x:b3,y:b0, mishale dpup:h0.1,dpright:h0.2,dpdown:h0.4,dpleft:h0.8, vijiti na vitufe vilivyobaki, mwisho platform:Windows. Usibahatishe namba, mfano rasmi wa Godot uitwao Joypads hukuongoza kitufe kwa kitufe. Ipakie gemu inapoanza kwa Input.add_joy_mapping(ramani, true). Ile true ndiyo inayoibadilisha hata padi iliyokwisha kuchomekwa. GUID ya Linux si ile ya Windows, hata kwa padi ileile, kwa hiyo andika mistari miwili.

Unity, injini nyingine ya gemu, ina mtego wake. Input System mpya huiita Joystick, si Gamepad, hivyo Gamepad.current hubaki null (tupu) na buttonSouth, kitufe cha chini, haiitikii. Ongeza miunganisho (bindings) ya Joystick kwenye Input Actions, ukithibitisha majina yake ndani ya Input Debugger.

Kasoro isiyotibika kwa msimbo wa programu ni L2 na R2: ni vitufe tu, 0 au 1, hakuna katikati. Gemu ya mbio za magari itakuwa gesi yote au hakuna; hapo tafuta padi ya XInput, mfumo wa padi za Xbox. Kwa kuruka na kupigana inatosha kabisa, nunua hata mbili. Mbili hizo zitakuwa na GUID moja, kwa hiyo watenganishe wachezaji kwa namba ya kifaa, na kila mmoja abonyeze Start kujitambulisha, maana waya ukichomoka na kurudi namba zinaweza kubadilishana.