Majumba ya Michenzani, Unguja: zege tele, baraza hakuna

Majumba ya Maendeleo ya Michenzani yalianza enzi za Mzee Karume, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Nia ilikuwa njema: makazi bora kwa watu wa Ng'ambo, sehemu ya mji wa Zanzibar iliyo nje ya Mji Mkongwe. Sura ndiyo iliyokosewa. Ni kuta ndefu zinazofanana mwanzo hadi mwisho, bila baraza wala ua, na watu wa pwani huishi barazani! Lifti hazikuwekwa, maji yakikosa presha, ndoo hupandishwa kwa ngazi.

Adui mkubwa wa majengo kama haya ni chumvi ya bahari. Ikipenya hadi kwenye nondo, chuma hushika kutu, huvimba na kulibandua zege kutoka ndani. Kupiga plasta juu ya ufa ni kupoteza saruji bure. Chimbua zege bovu hadi nyuma ya nondo, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, badilisha zilizoliwa, kisha jaza zege jipya lenye maji kidogo. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa: chumvi yake huingia moja kwa moja kwenye zege na kula nondo.