Daphtoxkit F: usiagize kabla ya kupata taa

Maabara inayopima sumu ya maji mara tatu au nne kwa mwaka haina sababu ya kufuga viroboto-maji wa kupimia miezi kumi na miwili. Hapo ndipo Daphtoxkit F, seti ya kipimo kutoka Ubelgiji, inapofaa. Ndani mna kichupa cha mayai yaliyolala ya kiroboto-maji Daphnia magna, chumvi nne za kutengenezea maji ya kipimo, unga wa spirulina na sahani za plastiki zenye visima. Mayai hukaa gizani kwenye jokofu, nyuzi 5 hivi. Anayepima kila wiki afuge tu.

Usumbufu wa ufugaji umehamia kwenye uanguaji. Mayai husuuzwa kwenye kichujio, huwekwa kwenye maji ya kipimo yaliyopulizwa hewa robo saa, kisha huachwa saa 72 kwa nyuzi 20–22 chini ya mwanga wa lux 6,000 usiozimwa. Taa ya dari haifui dafu. Umeme ukikatika usiku mmoja, vichanga hutoka wachache na kwa kuchelewa. Ukiwasubiri hadi uvuke saa 90, wa kwanza wameshapita umri wa saa 24 unaoruhusiwa.

Walishe spirulina saa mbili kabla ya kipimo. Wengi huiruka hatua hii, kisha hulaumu maji. Vichanga wenye njaa hulegea hata pasipo sumu, na kundi la kulinganishia (lililo kwenye maji yasiyo na sumu) likizidisha asilimia 10 ya wasioogelea, kipimo chote ni cha kutupa.

Sahani yenyewe imebuniwa vizuri: kila kiwango cha sumu kina visima vinne vya mililita 10, vichanga watano kila kimoja, na kisima cha kusuuzia pembeni. Usikiruke hicho cha pembeni, maana maji yanayoingia na pipeti huzimua sumu. Anzia kundi la kulinganishia, malizia kwenye kiwango kikali. Funika, weka gizani kwa nyuzi 20, hesabu baada ya saa 24 na 48. Tikisa taratibu, asiyeogelea ndani ya sekunde 15 hesabu ameathirika, hata kama bado anachezesha antena.

Kasoro ni plastiki. Viuatilifu vya jamii ya pairethroidi hunata kwenye kuta za visima, kiasi kilichobaki majini hushuka, na sumu kali huonekana pole. Kwa hivyo tumia vyombo vya kioo na upime kiasi halisi majini. Angalia pia ugumu wa maji: chumvi za seti hutoa ugumu wa takriban miligramu 250 kwa lita (kama kalsiamu kabonati), na maji magumu hivyo hupunguza makali ya shaba na zinki. Mto wenye maji laini hautakuwa na huruma hiyo.

Kila shehena mpya ya mayai ipimwe kwa potasiamu daikromati, sumu ya marejeo. EC50 ya saa 24 (kiwango kinachowazuia nusu ya vichanga kuogelea) iangukie kati ya miligramu 0.6 na 2.1 kwa lita. Isipoangukia hapo, sampuli za wateja zisubiri.