Miezi 8 na redio ya VHF inayoelea

Mimi huendesha boti ya abiria kati ya Amu (Lamu) na Faza. Redio hii ya mawasiliano ya baharini ni ya mkononi, wati 5. Ikidondoka majini huelea na kupepesa taa. Niliinunua pamoja na taa 6 za majaketi ya kuokoa maisha, zile zinazojiwasha zikilowa.

Usiku mmoja tulikuwa tumeshapita Mkanda, twaelekea Mtangawanda, mashine ikazima. Propela imenasa wavu wa jarife. Magharibi ishaingia, abiria 9, mkondo watuvuta, simu hazina mtandao. Nikaita chaneli 16, ile ya dharura: kimya. Nikaita tena: kimya. Kumbe kosa ni langu, tangu asubuhi niliiweka kwenye wati 1 nikibania chaji! Kuirudisha kwenye wati 5, mashua ya uvuvi ikajibu.

"Nahodha, mko wapi?"

Nikamweleza.

"Mbona siwaoni?"

Giza likiingia, mikoko yote ni mmoja. Nikatosa taa moja ya jaketi kwenye ndoo ya maji, ikawaka, nikaifunga kwenye ncha ya upondo na kuuinua juu. Punde akasema, "Haya, nishawaona, tulieni."

Redio naisifu, ila taa ndiyo iliyotuonyesha.

Sasa kasoro. Taa hizi hazijui tofauti ya mtu kuanguka baharini na wimbi kumrukia. Kusi ikichafuka pale nje ya Shela, abiria wamekaa wakavu nusu, jaketi linawaka. Na hizi zangu zikishawaka betri haibadilishwi. 2 zimekufa hivyo bure. Siku hizi majaketi nayafunika turubai mpaka tukaribie kuondoka. Redio nayo, chumvi hula vile vishikizo vya chaji. Isuuze kwa maji matamu kila jioni.

Na usidhani utaita Mombasa. VHF huenda mstari ulionyooka, na boti yangu iko chini, haisikiki mbali. Anayevua bahari kuu atafute kile kifaa cha 406 MHz kinachoita kupitia setilaiti.

Bei iliniuma, sikatai. Lakini redio ya peke yako ni kuongea na upepo, kwa hiyo niliwasumbua manahodha wenzangu gatini hadi wawili wakanunua. Kila alfajiri tunajaribiana kwenye chaneli 72. Ile 16 tunaiacha wazi.