Uzoefu wangu: mashine ya MIG ya gesi na Kombi iliyoliwa na kutu

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: kama una gari la zamani lililoliwa na kutu na unataka kulifufua mwenyewe nyumbani, mashine ya kuchomelea ya MIG inayotumia gesi, ile inayosukuma waya mwembamba yenyewe badala ya rodi, ndiyo itakayokulipa kuliko kitu kingine chochote utakachonunua. Inunue kabla ya rangi, kabla ya vitambaa vya viti, na kabla ya ile dawa ya kutu ya chupa inayosifiwa kila duka la vipuri. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyopungua nitaieleza.

Gari lenyewe ni Volkswagen Kombi ya mwaka 1974, ile ya kioo kimoja kipana mbele, iliyogeuzwa nyumba ya safari: paa la kuinuka lenye turubai, kiti cha nyuma kinachokunjuka kuwa kitanda, kabati na sinki dogo. Wengi wetu wa Mombasa tunazikumbuka Kombi zilizokuwa zikipeleka watalii mbugani, paa limeinuliwa na watu wamesimama ndani na darubini zao. Wajerumani walianza kuunda aina hii mwaka 1967 na wakaiacha 1979, lakini Brazil waliendelea na Kombi yao hadi Desemba 2013, kwa hiyo vipuri vya injini na breki si tatizo hata leo. Kinachoiua Kombi ni bodi, na hewa ya chumvi ya huku kwetu haina huruma na bodi ya bati jembamba.

Ukienda kununua Kombi, usiangalie rangi. Chukua bisibisi, lala chini, uchokoe. Anza na mihimili ya pembeni inayopita chini ya milango. Kila upande una tabaka tatu za bati: la nje unaloliona, la kati, na la ndani, na baina yake ni uwazi ambamo maji na matope hukaa bila mtu kujua. Kutu huanzia humo humo ndani, na siku unapoona kipele cha rangi nje, tabaka la kati huwa limeshakwisha. Kisha angalia sehemu za kuwekea jeki, sahani ya betri kule nyuma penye injini, matao ya magurudumu, mfereji wa paa, na chini ya raba ya kioo cha mbele. Hapo kwenye raba ndipo palipokuwa pabaya zaidi kwenye gari langu. Nilipoivuta raba ilitoka na ukingo wa bati ukiwa umeng'ang'ania, umekuwa magamba ya kahawia yanayovunjika kwa kidole, na kupitia pale niliona moja kwa moja hadi miguuni pa dereva.

Sasa tuje kwenye mashine. Yangu ni inverta ndogo ya umeme wa kawaida wa nyumbani, ya ampea 160, inayokubali waya mtupu unaochomwa pamoja na gesi na pia ule waya wenye unga ndani usiohitaji gesi. Mafundi wengi wa mitaani hutumia mashine ya rodi, na kwa geti au fremu ya lori mashine hiyo haina mpinzani. Lakini bati la Kombi halifiki hata milimita moja na nusu, sehemu nyingi ni kama milimita moja tu, tena limeshapunguzwa na kutu. Rodi ya milimita 2.5 hutoboa kabla hujashika mwendo. MIG yenye waya wa milimita 0.6 na ampea kati ya 30 na 40 hukuruhusu kushika bati hilo kwa nukta fupi fupi bila kulitoboa. Ikiwa imekaa sawa utaisikia kabla hujaiona: hutoa mlio wa bhajia zikiingia kwenye mafuta ya moto, mfululizo na bila kukatika. Ikianza kupasuka-pasuka, ama waya unakwenda kasi mno, ama koleo la athi, lile linalobana gari ili umeme urudi kwenye mashine, limeshika kwenye rangi badala ya chuma safi.

Kuhusu ule waya usio na gesi, maoni yangu ni kwamba kwa bodi ya gari haufai. Unarusha cheche zinazoganda kila mahali, una joto zaidi, na mwingi unaouzwa ni mnene mno kwa bati hili. Ukiutumia hata hivyo, kumbuka kubadilisha nyaya: waya usio na gesi hutaka mkono wa mashine, ule unaotoa waya, uwe hasi, na waya wa gesi hutaka uwe chanya. Watu wengi huilaumu mashine kwa sababu ya hilo tu.

Gesi yenyewe ni agoni iliyochanganywa na hewa ya ukaa kidogo. Kwa mtu wa pwani kuna jambo ambalo kitabu cha mashine hakikuambii vya kutosha, nalo ni upepo. Gesi ile kazi yake ni kuifunika ile nukta ya chuma kilichoyeyuka isiguswe na hewa. Upepo wa kusi ukivuma uani unaipeperusha, na weldi inatoka na vitundu vitundu, haina nguvu hata ukiisaga ikang'aa. Kuongeza gesi hakusaidii sana, unamaliza mtungi tu. Mimi nazungushia turubai pande tatu na kufanya kazi asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, gesi ikiwa kwenye lita 10 hivi kwa dakika. Tofauti yake ni kubwa.

Jinsi ya kuchomelea nako kuna adabu yake. Usikate mhimili wa pembeni ukaupiga mstari mmoja mrefu. Bati litajikunja kwa joto na mlango hautafunga tena. Kwanza pima nafasi kati ya mlango na bodi, ziandike, kisha funga vyuma vya kushikilia katikati ya uwazi wa mlango kabla ya kukata chochote. Gari likae limeegemea sehemu zake imara, si kwenye jeki. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Nukta moja huku, nyingine kule mbali, subiri bati lipoe hadi uweze kulishika kwa mkono, halafu rudi ujaze katikati. Kila baada ya muda funga mlango uone kama bado unaingia. Kazi hii inataka subira, na mimi nimeipenda kwa sababu hiyo. Siku mlango wa kutelezesha ulipofunga kwa msukumo mmoja baada ya mhimili mpya kukaa, nilifurahi kuliko siku niliyolinunua gari.

Nawasihi pia msizibe kwa bati la paa. Nimelitoa bati la namna hiyo kwenye gari hili, limewekwa na mwenye gari wa zamani na kufunikwa na pati nene, ile lahamu ya kusawazisha bodi. Ni jembamba mno, na zinki iliyopakwa juu yake ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka. Tafuta bati jeusi, lisilo na zinki, la milimita moja, na kama huna budi kutumia lenye zinki, lisage hadi chuma kionekane, na ukae penye hewa.

Moto ni jambo la kuogopwa kwa dhati. Tangi la petroli la Kombi liko nyuma, jirani kabisa na injini, na mpira wake wa petroli ukizeeka hupasuka. Mwili wa injini nyingi za Kombi hizi ni aloi ya magnesiamu, ikishika moto kuizima ni kazi nyingine. Mimi niliitoa injini na tangi, nikayaweka mbali, kisha nikabandua ile lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni, kwa sababu inawaka taratibu upande usiouona. Betri ikae nje. Mtu awe amesimama na ndoo ya maji na kizima moto, na baada ya kazi mkae hapo muda mrefu kabla ya kuondoka.

Ile dawa ya kutu nayo ina mahali pake. Yenye asidi ya fosfori hugeuza kutu ya juu juu kuwa tabaka gumu jeusi ambalo praima, yaani rangi ya kwanza ya kutangulizia, hushika vizuri. Kwenye chuma kizima chenye kutu nyepesi, baada ya brashi ya waya, inafanya kazi iliyoahidiwa. Kwenye bati lililotoboka haifanyi chochote, na anayekuuzia kwa ahadi kwamba hutahitaji kukata anakupotezea gari. Na huku kwetu ukiacha chuma kitupu usiku mmoja, asubuhi kimeshapiga rangi ya chungwa. Ukichomelea leo, piga praima leo.

Mwisho kabisa, baada ya rangi, ni nta ya ndani, ile inayopulizwa kwa mpira mrefu mwembamba hadi ndani ya mihimili. Waxoyl na Dinitrol ni majina yanayojulikana. Kwangu hii si anasa. Kutu ya Kombi ilianzia ndani, na bila nta bati jipya litakufa kwa njia ile ile. Acha matundu ya kutolea maji wazi, usiyazibe kwa nta wala kwa pati.

Nyota iliyopungua ni kwa vitu vilivyokuja na mashine. Saa ya gesi, ile inayofungwa kwenye mtungi kupima na kupunguza gesi, ilivuja tangu siku ya kwanza, koleo la athi lilikuwa jepesi mno, na kinga ya uso yenye kioo, ya kushika mkononi, haifai kwa kazi inayotaka mikono miwili. Muuzaji hakutaka hata kusikia habari za saa. Kwa hiyo ukipanga bajeti, weka kando fedha za saa nzuri, koleo zito la shaba, kofia inayojitia giza yenyewe, na mtungi wa gesi, kwa sababu huo mtungi unaweza kukugharimu karibu sawa na mashine. Na kabla hujalipia mashine, ulizia mjini kwako ni wapi mtungi huo unajazwa.