PhET kwa kuelewa kani nne za asili: graviti na umeme ziko safi, za nyuklia inabidi uchimbe mwenyewe

Naandika hii kwa mwalimu, mwanafunzi au yeyote aliyewahi kuambiwa kwamba ulimwengu mzima unaendeshwa na kani nne, graviti, sumakuumeme, kani kali ya nyuklia na kani dhaifu ya nyuklia, akayakariri hayo majina kwa ajili ya mtihani na ikaishia hapo. PhET ni zile simulesheni za bure za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder huko Marekani, alizianzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja tu baada ya kupata Nobeli ya fizikia. Zipo za kemia, hesabu, baiolojia, ila mimi hapa naziongelea kwa kazi moja tu, hizo kani nne.

Nianze na kitu ambacho peke yake kinatosha kukufanya uzifungue. Ingia Gravity Force Lab, utakuta mipira miwili na vijitu viwili vimeshika kamba vinaizuia isivutane. Weka mpira mmoja kilo 100, mwingine kilo 200, chukua ile rula uwaweke mita 4 kutoka kati hadi kati, halafu soma kani iliyoandikwa juu. Ni kama 0.000000083 newton. Kidogo mno yaani, na ndo maana mwanasayansi Mwingereza Cavendish alipokuja kuipima kwa mipira ya madini ya risasi mwaka 1798 ilibidi akifungie kifaa chake chumbani akitazame kutoka nje, asije akakitikisa hata na hewa. Sasa fungua Coulomb's Law, nenda ile skrini ya kipimo cha atomu, weka chaji chanya moja na hasi moja, hapo umeweka protoni na elektroni, zisogeze mpaka pikomita 53 (pikomita ni mita moja ukiigawa mara trilioni) ambao ndo umbali wao kwenye haidrojeni. Soma tena. 8.2 × 10⁻⁸ newton, yaani 0.000000082.

Ni kani ile ile karibu kabisa! Mizigo miwili ya jumla ya kilo 300 inavutana kwa graviti sawasawa na elektroni moja, kitu chenye uzito wa 9.1 × 10⁻³¹ kilo, inavyovutwa na protoni moja kwa umeme. Sijaona kitabu kinachoonyesha udhaifu wa graviti namna hii. Ukichukua kalamu ukapiga hesabu ya graviti kati ya hiyo hiyo protoni na elektroni, utakuta umeme unaizidi kama mara 2 ikifuatwa na sifuri 39, na ukishacheza na hizo skrini mbili hiyo namba haikai tena kama namba ya kutishia watu.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza hapo hapo, sasa kama graviti ni dhaifu hivyo mbona ndo inayoshika sayari na nyota? Jibu lipo kwenye simulesheni zenyewe ukiangalia vizuri, kwenye Coulomb unaweza kugeuza chaji ikawa hasi na vijitu vikaanza kusukuma badala ya kuvuta, lakini kwenye graviti hakuna masi hasi, hutaipata. Chaji chanya na hasi zinafutana ndani ya vitu vikubwa, masi inajumlishwa tu bila kufutwa na chochote mpaka ikawa Jua. Kingine usipite bila kukijaribu, punguza umbali uwe nusu, kani inakuwa mara nne, kwenye zote mbili. Newton alitoa yake 1687, Coulomb akapima ya umeme 1785, umbo la kanuni ni lile lile.

Gravity and Orbits nayo nzuri, zima graviti uone Dunia inavyonyooka moja kwa moja kuondoka. Ya Faraday yenye sumaku, koili na balbu itoshe kuonyesha kwamba umeme na sumaku ni kani moja.

Sasa za nyuklia. Hapa ndo nimekata nyota moja, maana hakuna simulesheni inayokuonyesha kani kali yenyewe ukaipima kwa newton kama zile mbili, unaona matokeo yake tu. Ila matokeo yenyewe ukijua pa kuangalia ni matamu sana. Fungua Build an Atom, weka tiki pale pa kuonyesha kama kiini ni imara au sio imara, tupia protoni mbili bila nyutroni. Kiini kinatetemeka, sio imara. Ongeza nyutroni moja tu, kinatulia. Kwa nini? Protoni mbili zikiwa femtomita 2 (femtomita ni pikomita ukiigawa mara elfu) zinasukumana kwa umeme zaidi ya newton 50, kani ambayo ungeihisi mkononi, na hiyo ni kati ya chembe mbili ambazo hata hazionekani, kwa hiyo lazima kuna kitu kingine kinavuta kushinda huo msukumo. Nyutroni haina chaji, inaongeza mvuto wa kani kali bila kuongeza msukumo wa umeme hata chembe. Hii sentensi simulesheni haikuambii, mwalimu lazima aiseme, vinginevyo watoto wataona mchezo wa kupanga mipira.

Kani dhaifu utaikuta Build a Nucleus. Weka protoni moja na nyutroni mbili, hiyo ni triti, bonyeza kitufe cha beta hasi, nyutroni moja inageuka protoni na elektroni inachomoka, umebaki na heli-3. Kani nyingine zinavuta na kusukuma, hii inabadilisha chembe kuwa chembe nyingine, na bila hiyo Jua lisingewaka kwa sababu hatua ya kwanza ya kuunganisha protoni mbili inahitaji mojawapo igeuke nyutroni. Kile kipimo cha nusu-maisha pale juu, yaani muda ambao nusu ya viini vinakuwa vimegeuka, kitazame kwa makini, triti ni miaka 12 na kidogo wakati viini vingine vinakufa ndani ya muda mfupi mno. Lakini chembe ya W, ambayo ndo inabeba kani hii na ilipatikana kwenye maabara ya CERN huko Ulaya 1983, haipo popote. Ina uzito kama mara 85 wa protoni, na huo uzito ndo unaofanya kani dhaifu isifike mbali, kwa hiyo kuikosa ni kukosa sababu yenyewe.

Kwa matumizi hazisumbui, zinafunguka kwenye simu, nyingi unapakua faili moja unatumia bila intaneti, na baadhi zimeshatafsiriwa kwa Kiswahili.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku watakayoweka simulesheni ya kwaki, zile chembe zinazounda protoni na nyutroni na kushikwa na kani kali, wale wale vijitu na kamba zao wavute kwaki mbili, na mtu aone kani haipungui umbali ukiongezeka kama ilivyo kwa umeme na graviti, inabaki karibu pale pale, kama newton 160,000, uzito wa tani 16, mpaka nishati inakuwa nyingi kiasi kwamba zinazaliwa kwaki mpya mbili pale katikati na huwezi kabisa kuitenga moja ikabaki peke yake.