Maiki ya mkononi kwa mwimbaji wa taarab: miaka minne na Sennheiser e 835

Niliimba miaka 11 kwa maiki za watu. Harusi zetu za Ng'ambo, hapa mjini Unguja, na za shamba mitambo huwa ya kukodi, na maiki unayoshikishwa ni ile iliyotoka kwenye sanduku usiku huo. Moja imebonyea kichwa, nyengine inanuka mate ya waliotangulia, nyengine ukiisogeza kidogo tu inapiga mluzi watu wakaziba masikio. Nilistahamili mpaka nikaanza kuimba vibaya bila kujijua: napandisha sauti pasipo haja, nabana koo, asubuhi siwezi hata kuitikia salamu. Aliyenizindua ni maalim wetu wa udi. Aliniambia, "Mwanangu, mpiga udi hendi shughulini kuazima udi. Ala yako wewe ni hiyo maiki, mbona unaazima?"

Nikaenda dukani na jina moja tu kichwani, Shure SM58, kwa kuwa ndilo linalotajwa na kila fundi mitambo. Na halitajwi bure. Maiki hiyo ilitoka mwaka 1966 na mpaka leo imo majukwaani dunia nzima. Nikauziwa iliyoandikwa jina hilohilo. Ile ya kweli huko Marekani huuzwa karibu dola 100, mimi nikatoa robo ya hapo nikatoka nashukuru Mungu. Shughuli ya kwanza tu, sauti yangu ikawa kama natoa maneno ndani ya mtungi. Kesho yake nikaipeleka kwa sonara wa mtaani aniwekee kwenye mizani yake. SM58 halisi ina gramu 298. Yangu ilipungua zaidi ya gramu 60. Uzito peke yake haumalizi maneno, maana hata maiki ya bandia inaweza kutiwa chuma ndani, lakini kwa sauti ile niliyoisikia sikutaka ushahidi mwengine. Muuzaji alikataa kunirejeshea, na pesa ile ilikuwa ya shughuli tatu.

Kabla ya kununua tena nilikaa kitako na fundi wetu wa mitambo, kijana wa Jang'ombe, nikamwomba anieleze maiki inavyofanya kazi kama anayemweleza mtu asiyejua kitu. Ndani ya maiki ya dainamiki mna utando mwembamba, na nyuma ya utando umegandishwa mzingo wa waya uliokaa kwenye sumaku. Sauti inautikisa utando, waya unachezacheza ndani ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa. Basi. Haihitaji umeme wa nje, hata zile volti 48 zinazotoka kwenye miksa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti. Ndiyo maana inavumilia jasho, umande wa Forodhani na hata kudondoshwa na mtoto. Maiki za kondensa, zile zinazohitaji umeme huo, zinasikia laini zaidi, lakini zinasikia kila kitu: feni, vijiko, watoto wanaokimbizana, jenereta lililoko nje. Sisi tuliokaa gizani bila umeme Unguja nzima kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tunajua harusi ya jenereta ilivyo.

Kisha akanichorea mpangilio wa jukwaa letu kwenye karatasi ya sigara, na hapo ndipo nilipofahamu kwa nini miaka yote nilikuwa nahangaika. Katika taarab mwimbaji yuko mbele. Nyuma yake wamejipanga fidla, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), udi, akodiani, nai (filimbi) na dumbak (ngoma). Mdomo wa maiki unanitazama mimi, na kwa hivyo unaitazama kanuni iliyo nyuma yangu. Hakuna maiki ya kuimbia, hata iwe ghali vipi, itakayokataa sauti inayoingia kwa mlango wa mbele. Dawa yake ni mdomo kuwa karibu. Umbali ukizidi mara mbili, sauti inayofika kwenye maiki hushuka kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukiitoa maiki kutoka vidole viwili hadi vinne, fundi atalazimika kukupandisha, na akikupandisha wewe ameipandisha na kanuni pamoja nawe, na spika, na kelele za ukumbi. Mluzi unaanzia hapo. Na mimi tabia yangu ilikuwa kuishusha maiki kifuani kila nikifika kwenye kiitikio, kwa kuona haya.

Suala la pili ni mgongo wa maiki. Maiki ya kadioidi inasikia kwa umbo la moyo: mbele vizuri, ubavuni kwa kupungua, na nyuma kabisa, yaani nyuzi 180, ni kiziwi. Ya supakadioidi inabana zaidi mbele na ubavuni, lakini nyuma kabisa inasikia kidogo. Uziwi wake uko pembeni, kiasi cha nyuzi 126 kila upande. Maana yake ni kwamba spika ya kujisikilizia haiwekwi popote tu. Kwa kadioidi unaiweka mbele yako kabisa, mkia wa maiki uielekee. Kwa supakadioidi unataka spika mbili, moja kila upande, zimekaa mshazari. Nimeona mara nyingi mtu kanunua maiki nzuri ya supakadioidi, halafu spika yake moja ya pekee iko miguuni mbele yake, mahali hasa ambapo maiki inasikia. Inalia, analaumiwa mwenye maiki. Harusi zetu nyingi zina spika moja ya kujisikilizia, ikiwepo. Nilipolielewa hilo, nusu ya uchaguzi wangu ilikuwa imeshakwisha: nataka kadioidi.

Hata hivyo sikutaka kuchagua kwa maneno. Asubuhi moja tukakutana pahala petu pa mazoezi na maiki tatu: SM58 halisi ya fundi, Shure Beta 58A ya rafiki anayepiga hotelini, na Sennheiser e 835 ya kijana aliyesoma pale DCMA, chuo cha muziki cha hapa Unguja. Zote tatu kwenye tundu moja la miksa, waya ule ule, bila eko, vitufe vya besi na trebo vyote katikati. Eko ni hatari wakati wa kujaribu, inapamba kila kitu. Nilitunga mshororo wa kuzitesa, wenye P na S za kutosha: "Pepo za pwani zapita, sauti sitaisaza." P inapiga utando kama kofi, S inaonesha kama maiki inakata. Niliuimba kwa kila maiki mdomo ukiwa karibu kabisa, kisha kwa upana wa mkono, kisha kwa upande, mwenzangu akirikodi ili tusikilize baadaye bila kuambiwa ipi ni ipi.

Sasa, sauti yangu mimi ni nzito kidogo, inapita puani kama tulivyofundishwa na wakubwa, na nina mwanya, kwa hivyo S zangu hutoka na upepo. Beta 58A ina nguvu zaidi kuliko SM58 na inainua sana sauti za juu. Mwenye sauti iliyofifia atajisikia amewashiwa taa. Kwangu mimi S zikawa sindano. Tena ni supakadioidi, na mimi nikiimba siangalii pahala pamoja. Watu wanapokuja kutuza, namgeukia kila mmoja. Huyu anaweka noti mkononi, yule anakuja anacheza taratibu kwa maringo, heshima ni kumtazama. Kila nikigeuza shingo sauti inatoka nje ya mdomo wa maiki. Muimbaji wa bendi anayesimama na stendi hana tabu hiyo.

SM58 ilinisogeza mbele ya ala. Ina uvimbe wake kwenye sauti za kati za juu, pale maneno yanapofahamika, na katika taarab maneno ndiyo mali. Watu wanakuja kusikiliza nani kapigwa kijembe. Lakini nikiileta mdomoni, besi inajaa. Hiyo ni tabia ya maiki zote za aina hii, ukaribu huvimbisha besi, ila zinatofautiana kiasi, na sauti yangu tayari ina uzito. Mwenzangu, ambaye sauti yake ni nyembamba na ya juu, aliposhika SM58 hiyohiyo tulitazamana. Sauti yake ilipata mwili. Alinunua ya kwake mwezi uleule na mpaka leo hataki kusikia jengine.

Tuliposikiliza rikodi, mimi nilichagua e 835 mara tatu kati ya tatu bila kujua ndiyo. Nayo ni kadioidi. Karibu au mbali kidogo, sauti yangu inabaki ile ile, inapungua ukubwa tu, haibadiliki sura. Kwangu hilo ni kubwa, kwa sababu nikipanda juu mwisho wa ubeti napenda kuitoa maiki taratibu na kuirudisha. Kikaratasi chake kinasema inasikia kuanzia hezi 40, sauti nzito kabisa, hadi 16,000, sauti nyembamba kabisa; SM58 hezi 50 hadi 15,000. Nawaambieni wenzangu, msinunue kwa namba hizo. Hakuna mwanamke anayeimba hezi 40, na tofauti niliyoisikia mimi haimo kwenye namba hizo.

Uzito wake ni gramu 330 hivi. Shughuli ya saa nne unauona mkononi, hasa kwa sisi tunaovaa bangili. Na bangili nazo nizitaje, maana sijasikia mwanamme yeyote akizitaja anaposifia maiki. Dhahabu ikigonga bomba la maiki inasikika ukumbini kama mtu anayehesabu sarafu. SM58 ina mpira wa hewa ndani wa kuzuia mitikisiko na e 835 nayo imezuiwa vizuri, lakini kuzuia mshindo wa kiganja si kuzuia chuma kwa chuma. Nimehamishia bangili mkono wa kushoto, maiki naishika kwa kulia.

Kushika kwenyewe ni somo. Vijana wengi wanaikumbatia maiki kichwani kama wanavyoona kwenye video. Chini ya wavu kuna vitundu vya nyuma ambavyo ndivyo vinavyoipa maiki uziwi wake wa mgongoni. Ukivifunika kwa kiganja, inaanza kusikia pande zote, sauti inakuwa ya pua na mluzi unaingia. Katika shughuli moja Wete mama wa bibi harusi alitaka kuimba kiitikio nami, nikampa kwa furaha, akaikumbata kwa mikono miwili kwa mapenzi yote. Fundi alikimbilia miksa. Siku hizi nikimpa mtu mimi nabaki nimeshika mkia, naielekeza mwenyewe mdomoni kwake.

Waya usiubanie pesa. Nilikuwa na ule wenye pini tatu upande mmoja na jeki kubwa upande wa pili, na kila penye jenereta kulikuwa na mvumo. Waya wa pini tatu pande zote mbili unabeba sauti kwenye nyuzi mbili, moja kinyume cha nyengine, hivyo uchafu unaoingia njiani unajifuta wenyewe ukifika kwenye miksa. Nilipobadilisha, mvumo ukaisha. Kuhusu zisizo na waya, raha yake naijua, unakwenda mpaka kwa bibi harusi. Lakini betri inakufa katikati ya ubeti, na kumbi mbili jirani zikigongana masafa unaimba wewe, wanakusikia wa upande wa pili. Nimebaki na waya wa mita 10, unanitosha.

Nimenunua e 835 isiyo na kitufe cha kuzimia. Ya kitufe ipo, inaitwa e 835-S. Kwa anayechezesha maulidi au anayeongoza shughuli itamfaa. Mimi kidole changu kinatafuta kitu cha kuchezea nikiwa na hamu ya wimbo, sikutaka.

Imeshavuka bahari kwenda Pemba mara nyingi, imeanguka saruji mara mbili, upande mmoja wa wavu umebonyea. Chumvi ndiyo adui mkubwa wa hapa kwetu. Kila baada ya shughuli naifuta kwa kitambaa kikavu na kuilaza kwenye mfuko wa kanga pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mara moja kwa mwezi nafungua wavu, nauweka mbali na maiki ili maji yasikaribie utando, naosha wavu na sponji yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, naviacha vikauke kivulini mpaka kesho yake. Rangi ya mdomo hutoka, harufu ya udi haitoki yote. Wiki iliyopita binti mmoja anayeanza kuimba alikuja nyumbani kuniazima maiki. Nikampa aijaribu palepale barazani, halafu nikampa na SM58 ya mwenzangu, na ule mshororo wa pepo za pwani, tukaanza kurikodi.